Sharti la Kula

Sataranji ya Bariadi haikuletwa na mzungu wa visima wala mwanafunzi wa chuo, ingawa wapo wanaoapa hivyo mpaka leo. Ilikuja ndani ya belo la mitumba, na aliyelifungua belo ni Milembe. Mimi nilikuwepo. Cherehani yangu ilikuwa jirani kabisa na meza yake pale sokoni, na siku hiyo nilikuwa nimesimama kando nikiwa na kinyongo changu cha kila siku.

Kinyongo chenyewe nikieleze, usije ukaniona mtu mbaya bure. Zamani mtu wa Bariadi akitaka suruali alikuja kwangu na kitambaa chake, akanisubiri, akanisalimia kwa adabu. Ilipotoka ruksa ya kila mtu kuleta na kuuza anachotaka, kafaulaya, yaani hiyo mitumba, ikamwagika sokoni, na mimi niliyekuwa nashona suti za maharusi nikageuka mtu wa kupunguza viuno vya Wazungu. Kazi hiyo ya kupunguza aliniletea Milembe mwenyewe. Kwa hiyo asubuhi nilimchukia na jioni nilimshukuru.

Alikuwa mwanamke wa Migato, Msukuma, mwembamba wa mwili na mpana wa maswali. Mumewe, Constantine, alibaki kijijini na pamba na ng'ombe. Yeye akaja mjini na binti yao Gloria, na ndiyo maana sokoni tulimwita Mama Gloria. Sijawahi kuona mtu aliyeipenda dunia kwa kuiuliza kama yule. Akikuta glovu moja kwenye belo, hakuitupa. Alikaa nayo. Mwenyewe alikuwa na mkono mmoja? Au ile ya pili imebaki kwao, nayo inaulizwa mwenzake iko wapi? Wateja walisubiri wakati yeye akiichunguza suruali nene ya kuchezea kwenye barafu, akitaka kujua barafu inachezewaje na mtu mwenye akili timamu.

Basi siku hiyo, katikati ya makoti, likatokea boksi la mbao. Ndani mlikuwa na visanamu, vyeupe na vyeusi, na ubao wa kukunja. Mama mmoja aliyekuwa akichagua blauzi aliirudisha blauzi akaondoka. Mzee Salu, aliyestaafu kiwanda cha kuchambua pamba na ambaye siku hizo kazi yake ilikuwa kutoa maoni, alisogea nyuma.

"Mayu, mama yangu, hivyo ni vitu vya waganga wa Kizungu," alisema. "Virudishe vilikotoka."

"Nitavirudishaje, Mzee Salu? Nimwandikie nani?" Milembe alikwishashika kimoja, anakinusa. "Mganga gani anatengeneza punda mzuri hivi?"

Alikuwa farasi, lakini Bariadi farasi ni wa kwenye picha, na punda tunawaona kila siku wakivuta maji. Ikabaki punda.

Aliyetambua kwamba ule ni mchezo alikuwa Hilali, fundi redio wa upande wa pili wa njia. Hilali alikuwa Mwislamu mwenye asili ya Ujiji, mtu safi, mwenye kalamu mfukoni, na bingwa wa drafti wa soko zima. Sifa yake ya pili ilikuwa kununa. Ukimkosoa Hilali hadharani, utamkuta amefunga duka. Aliwahi kuacha kusalimiana na jirani yake kwa sababu ya mabishano kuhusu urefu wa waya wa antena.

"Huu ni ubao wa drafti," alisema. "Hizi ni kete. Wenzetu wamezichonga tu."

Ndani ya boksi mlikuwa na karatasi la maelekezo la lugha yenye vitone juu ya herufi, ambalo hata mwalimu Method wa shule ya msingi alilishika juu chini. Lakini lilikuwa na picha na mishale. Kwa mishale ile, Milembe na Hilali walikaa jioni baada ya jioni wakijifunza nani anakwenda wapi. Mwenye msalaba kichwani tulimwita ntemi, yaani mtawala. Anayekwenda popote akawa mke mkubwa. Wale wenye kofia zilizochongoka wakawa mapadri, minara ikawa matenki ya maji, na wadogo wa mbele, wanaokufa kwanza na kwa wingi, wakawa vibarua. Tenki moja halikuwepo, Hilali akaweka betri ya redio badala yake. Mchezo wenyewe tukauita drafti ya sanamu.

Mishale ilionyesha mwendo. Haikuonyesha kama kula ni hiari au lazima. Swali hilo halikutusumbua hata dakika moja, kwa sababu Hilali alilijibu kabla halijaulizwa.

"Sheria ya kula inajulikana," alisema. "Ukiona cha kula, ule. Usipokula, ile kete yako iliyoacha kula inaondolewa."

Ndivyo drafti inavyochezwa. Nani angebisha? Tuliitikia kwa vichwa wote, Milembe mmojawapo, na tukaanza kucheza kila Jumapili baada ya watu kutoka kanisani, chini ya bati la meza yake.

Sasa ufikirie mchezo wa namna ile. Ukimwekea mwenzako kibarua mbele ya mke mkubwa wake, mke mkubwa hana hiari, lazima aje ale, na akija anakwenda mahali ambapo hakutaka. Milembe aliielewa siri hiyo kabla yetu sote. Alikuwa akimwita ntemi wako kutoka nyumbani kwake kama unavyomwita kuku kwa mtama, punje moja, punje nyingine, mpaka umejikuta uwanjani bila mtu. Alitoa punda, alitoa tenki, alitoa hata mke mkubwa wake, na wewe ukala, ukala, ukavimbiwa, halafu ntemi wako akaliwa. Ndiyo, kwetu ntemi naye aliliwa kabisa. Tulijua mchezo umekwisha pale alipotoka ubaoni. Hilali peke yake ndiye aliyeweza kumshinda, tena si mara nyingi. Michezo ya wawili hao ilikuwa ndiyo Jumapili yenyewe; sisi wengine, Mzee Salu, Method na mimi, tulicheza ili tuwe na haki ya kukaa pale.

Na niseme jambo moja. Mji ulinong'ona, kama miji inavyonong'ona, kuhusu mke wa mtu wa Migato na fundi redio. Asumini, mke wa Hilali na mama wa mtoto wao Sadick, aliyejibu minong'ono yote kwa kuleta chai ya tangawizi na kukaa nasi, aliniambia kwamba hajawahi kumwona mumewe akisikilizwa na mtu kwa makini vile, na kwamba yeye mwenyewe hana nafasi ya kufanya kazi hiyo.

Miaka ikaenda hivyo. Wanunuzi binafsi wa pamba wakaja na mizani zao, malori yao yakajaa Lalago mpaka Mwanhuzi, redio mpya zikaingia kwa wingi na Hilali akapata kazi. Mwezi wa tano, mwaka tisini na saba, alikuwa anaijaribu redio ya mteja, ikashika idhaa ya Kiswahili kutoka London. Akavuka njia akikimbia, redio mkononi, waya unaburuta.

"Mama Gloria! Ule mchezo wetu una jina! Unaitwa sataranji!"

Tukajikusanya. Habari ilikuwa kwamba bingwa wa dunia wa sataranji, Mrusi aitwaye Kasparov, ameshindwa na kompyuta huko New York. Mzee Salu alitaka kujua mashine inashikaje kete. Method alitaka kujua kama ilikuwa inapewa umeme wa wizi. Lakini Milembe alikuwa ameshika neno jingine kabisa.

"Wamesema amesalimu amri," alisema. "Amesalimu amri vipi, na ntemi wake hajaliwa? Mtu anaachaje mchezo kete zikiwa bado zimesimama?"

Swali lile lilimkaa. Wiki nzima alikuwa akinipa suruali za kupunguza huku akiniuliza mimi, ambaye sijawahi kusalimu amri wala kushinda. Hatimaye Hilali alikumbuka kwamba Mwanza, kwenye duka la vipuri vya redio la mzee mmoja wa Kihindi aitwaye Jivraj, aliwahi kuona ubao wa miraba kama wetu nyuma ya kaunta.

Msimu wa pamba ulipoanza, na watu wakawa na hela ya kuvaa, Milembe alikwenda Mwanza kuchukua mabelo kama kawaida yake. Safari hii tulimsindikiza mpaka kwenye basi kama bibi harusi. Hilali alimfungia betri mpya kwenye karatasi, eti asikose tenki.

"Usiwaonee huruma," alimwambia. "Na wakila, wakila, we tulia."

Yaliyotokea Mwanza alinisimulia mwenyewe baadaye, na alinisimulia mara nyingi, kila mara akiongeza kilichomshangaza.

Mzee Jivraj alikuwa mtu mpole mwenye miwani minene. Aliposikia kwamba mama huyu wa mitumba anacheza sataranji, na amejifunza Bariadi, hakucheka. Alifuta ubao kwa leso, akamwita rafiki yake mmoja aje aone, wakaketi. Milembe alianza vizuri. Alipoona nafasi, akamsogeza punda wake mpaka mshazari mbele ya kibarua wa mzee, pa kuliwa, akaegemea nyuma kumsubiri ale.

Mzee akamwangalia punda, akamwangalia Milembe, kisha akamwacha punda na kusogeza padri wake kwingine, kumtishia ntemi.

"Baba, hujala," Milembe alimwambia, kwa upole, kama unavyomwambia mtu kifungo chake kimefunguka.

"Najua, mama."

Basi Milembe akafanya haki. Akanyoosha mkono, akamwondoa ubaoni yule kibarua aliyeacha kula, akamweka pembeni kwake.

Rafiki wa mzee akaanza kucheka, mzee akamzuia kwa kiganja. "Mama," aliuliza, na Milembe anasema sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kujua kweli, "umefanya nini hapo?"

Akamweleza. Naye akaelezwa. Kwamba kwenye sataranji kula ni hiari, duniani kote, na ilikuwa hivyo tangu zamani. Kwamba ntemi haliwi. Akizingirwa asiwe na pa kukimbilia, mchezo umekwisha. Kwamba mchezaji akiona kuzingirwa hakukwepeki anaweza kusalimu amri, na kwamba kusalimu amri nako kuna hatari yake, kwani hata Kasparov, katika mchezo wa pili na ile mashine, aliacha mahali ambapo watu walikuja kuonyesha baadaye kwamba angeweza kupata sare.

Walicheza tena, kwa sheria za dunia. Akapigwa. Wakacheza tena, akapigwa haraka zaidi. Mitego yake yote ilikaa wazi ubaoni kama vitumbua vilivyokosa mnunuzi. Aliniambia kwamba hapo alitamani kuondoka bila kuaga.

Ndipo mzee alipoagiza chai na kuanza kumsimulia. Alimwambia kuhusu binti wa Hungaria, Judit Polgár, aliyepata cheo cha juu cha sataranji akiwa na miaka kumi na mitano, akaivunja rekodi ya Mmarekani Fischer. Milembe akalirudia jina lile mpaka akalishika. Kisha akamsimulia kuhusu Sultan Khan, mtu wa Punjabi, aliyekuwa katika nyumba ya tajiri mmoja na kupelekwa Uingereza naye. Huyo alikulia kwenye sataranji ya Kihindi, ambayo ilikuwa na sheria zake: kibarua hakuruka hatua mbili mwanzoni, na mengine. Ikambidi ajifunze upya kama mtoto. Na bado akautwaa ubingwa wa Uingereza, si mara moja, akampiga hata Capablanca wa Kuba, aliyekuwa amewahi kuwa bingwa wa dunia.

"Halafu?" Milembe aliuliza.

"Halafu akarudi kwao. Nilichosikia, alikaa kwenye ardhi yake, mashindano akaacha."

"Alicheza na nani huko kwao?" aliuliza Milembe. "Na kwa sheria zipi?"

Mzee Jivraj alivua miwani. Alisema amesikia habari za Sultan Khan tangu ujana wake, na hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo.

Swali hilo ndilo alilorudi nalo ndani ya basi, Magu mpaka Lamadi, Lamadi mpaka Bariadi, amekalia mabelo yake. Alikuja moja kwa moja kwangu kabla ya kufungua chochote.

"Fundi, nimeujua mchezo wenyewe," alisema, akanieleza yote. Kisha akasema lililokuwa linamuuma. "Nikiwaambia, nitampoteza Hilali. Sheria ya kula aliileta yeye, na wewe unamjua. Nisipowaambia, nitakaa naye kila Jumapili nikijua kwamba tunacheza kitu kisichokuwepo. Nitakuwa namdanganya kwa kila kete ninayosogeza."

Nilimshauri anyamaze. Nilisema mchezo ni mchezo, kila mji na ugali wake. Niliamini hivyo na sehemu yangu moja bado inaamini. Lakini ungemwambia Milembe aache kujua jambo alilokwisha kulijua? Ni sawa na kumwambia asahau jina lake.

Jumapili ilipofika wote walikuwepo, hata wasiocheza, wakisubiri kusikia jinsi Mwanza ilivyogaragazwa. Milembe alisimama. Hakuzunguka.

"Nimepigwa michezo yote," alisema. "Na sababu ni kwamba sheria yetu ya kula haipo. Kula ni hiari. Tulikosea tangu siku ya kwanza, wote, na mimi wa kwanza."

Mzee Salu ndiye aliyeanza. "Yaya, yaya, hapana! Unaona chakula mbele yako na unakipita? Huo ni mchezo wa walioshiba."

Watu wakacheka, na nafikiri Milembe alipata matumaini kidogo. Hilali hakucheka. Alikuwa ameshika ile betri yake, anaizungusha vidoleni.

"Mama Gloria," alisema taratibu. "Miaka yote hii nimekuwa bingwa wa nini?"

"Na mimi nimekuwa bingwa wa nini, Baba Sadick? Tukae tujifunze upya. Nitakuonyesha."

"Utanionyesha." Aliitia betri mfukoni. "Mimi ndiye niliyekuonyesha wewe kwamba ule ni mchezo."

Akavuka njia, akafunga duka. Jumapili iliyofuata hakuja, wala iliyofuata. Siku za kazi alisalimia kwa kupandisha kidevu. Wengine tuliendelea kwa sharti letu la zamani, maana mazoea yana taabu, na Milembe aliendelea nasi kwa adabu, akiwa na jiwe mahali pa lile tenki. Lakini katikati ya wiki, soko likipoa, nilimwona akipanga kete peke yake juu ya rundo la sweta, akicheza mkono wa kulia kisha wa kushoto. Siku moja nilimwonea huruma nikajaribu kucheza naye kwa sheria za dunia. Nilikula kila kilichonijia. Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Alinishukuru, akasema tujaribu siku nyingine, na sote wawili tulijua hakuna siku nyingine. Alikuwa mpweke, na upweke wake ulinikera kwa sababu hakuulalamikia.

Mwishoni mwa mwaka ule mvua zikaja zile ambazo watu wanazitaja mpaka leo. Barabara zikakatika, mabelo yakakwama njiani, soko likawa tope na sauti ya bati. Jumapili moja tulikuwa tumejibana chini ya turubai, Mzee Salu, Method na mimi, na Milembe upande wake wa ubao akiwa amekwisha kutushinda wote na kuchoka. Hilali akavuka njia, kaja na tope mpaka magotini. Nyuma yake Asumini na birika.

"Mwadila, Mzee Salu," alisalimia kwa Kisukuma. Method akaachia kiti bila kuambiwa. Hilali akaketi, akalitoa lile jiwe, akaweka betri yake mahali pake, akasogeza kibarua.

Hakuna aliyeuliza wanacheza sheria gani. Milembe pia hakuuliza. Nilimwona akitaka kuuliza na kumeza. Alicheza kama alivyozoea kucheza naye, kwa sharti letu, nadhani ili asimkwaze. Walikwenda hivyo kwa muda, mvua ikipiga turubai. Kisha Milembe akafanya lile lililomletea sifa. Akamchukua mke mkubwa wake, akamweka mshazari mbele ya kibarua wa Hilali, pa kuliwa.

"Gashi, kumbe! Kula!" Mzee Salu alipiga kelele. "Kula, Hilali, utaondolewa!"

Mkono wa Hilali ulikwenda. Ulifika juu ya kibarua, vidole vikakigusa kichwa chake. Asumini aliacha kumimina chai. Halafu mkono ukarudi, polepole, ukamshika padri wa upande mwingine kabisa, ukamvusha ubao mzima mpaka kwenye mlango wa ntemi wa Milembe.

"Sili," alisema Hilali.

"Ana miezi ananisumbua, amefanya vitufe vya redio kete mezani, anajizoeza kutokula," alisema Asumini. "Mimi kazi yangu ni kumchapa mkono ukitaka kula."

Milembe hakumwondoa yule kibarua; aliinama juu ya ubao. Mke mkubwa wake alikuwa amesimama pale bure, hajaliwa, na nyuma yake ntemi hakuwa na mlinzi hata mmoja. Alitafuta njia, akatafuta tena. Alipoinua uso ulikuwa umelowa machozi, na hakujisumbua kuyafuta.

"Sasa nina mtu wa kucheza naye," alisema, na akashindwa mchezo ule kabla mvua haijakatika.